Eti "Daktari ni Daktari Tu": Uzoefu Wangu na Kliniki ya Daktari Wetu wa Familia

Nyota moja, na hiyo moja nimeitoa kwa shingo upande. Anayetafuta saa za kufungua na orodha ya huduma, yote yamebandikwa mlangoni kwa herufi kubwa. Mimi nimekuja kusema jambo moja tu, nalo linamhusu yule dada wa mapokezi na maneno manne aliyonitupia.

Kwanza mjue tunamzungumzia nani. Daktari wetu ni mzee sasa. Amenitibu tangu nikiwa mtoto wa kubebwa, amemuuguza baba yangu hadi mwisho wake, na wanangu wote wamepita mikononi mwake. Kwa miaka yote hiyo kliniki ilikuwa yeye, nesi mmoja, na kabati la chuma lililojaa kadi. Ulikuwa unaingia, unakaa kwenye benchi, unasubiri mpaka unasinzia, halafu unaonana na mtu anayekujua. Siku hizi kuna kaunta ya kioo, mashine ya kutoa namba, madaktari vijana kadhaa, na kitu kinaitwa "mfumo".

Basi, si muda mrefu uliopita nilikwenda, nikataja jina la daktari ninayemtaka. Yule dada hakuinua hata uso. Akasema mfumo umenipangia chumba namba mbili. Nikamwambia mimi nina daktari wangu, kadi yangu iko kwake tangu sijaolewa, na leo ni siku yake ya zamu, nimemwona kwa macho yangu akiingia. Akanijibu: "Mama, daktari ni daktari tu. Kaa pale, utaitwa." Kisha akaita namba ya aliyekuwa nyuma yangu, mimi nikiwa bado nimeachama.

Kuna utafiti unaojulikana sana, wa Marekani wa mwaka 1984, ambao ulirekodi mazungumzo katika vyumba vya madaktari. Ulikuta kwamba mgonjwa akianza kueleza shida yake hukatizwa baada ya wastani wa sekunde 18. Watu huusoma wakashika vichwa. Mimi siku ile ningepewa sekunde 18 ningepiga vigelegele.

Nikaingia chumba namba mbili nikiwa nimevimba. Ndani kulikuwa na daktari kijana, macho kwenye kompyuta. Nesi akanipandisha juu ya kitanda cha kupimia, miguu inaning'inia hewani, akanifunga mkanda wa presha juu ya mkono wa sweta. Sweta zito. Akabonyeza kitufe, na mashine inanguruma hivyo hivyo, akawa ananiuliza namba ya simu, mwaka wa kuzaliwa, ndugu wa karibu, na kama kuna dawa inayonidhuru. Mimi najibu, moyo unanienda mbio kwa yale ya mapokezi. Mashine ikatoa 171 kwa 98. Hapo ndipo kijana aligeuka kunitazama kwa mara ya kwanza. "Mama, presha yako iko juu sana. Tuanze dawa leo." Nikamuuliza nitazitumia mpaka lini. Akasema presha ni ugonjwa wa kudumu.

Jamani. Mimi sikusomea udaktari, lakini nimekaa mbele ya daktari mmoja umri wangu wote, najua presha inavyopimwa. Unakaa kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote mbili zimekanyaga chini, miguu hukuikunja nne. Haja ndogo umeshakwenda. Mkono unakuwa wazi, umelazwa mezani usawa wa moyo, na mkanda unagusa ngozi, si sufu. Unatulia dakika tano kabla, na wakati wa kupimwa hufungui mdomo. Ikisoma juu, inarudiwa. Ikiendelea kusoma juu, unaitwa siku nyingine au unapewa kifaa ukajipime nyumbani, kwa sababu wako watu ambao presha yao hupanda kila wakiona koti jeupe na hushuka wakifika kwao. Mimi ni mmoja wao. Imeandikwa kwenye kadi yangu kwa wino mwekundu. Kadi yenyewe iko kabatini, na kabati, nimeambiwa, "halijahamishiwa kwenye mfumo".

Nisimwonee kijana. Kwenye kona ya kompyuta yake kulikuwa na kisaa kinachohesabu dakika nilizokaa humo, na kilikuwa kimeshageuka chekundu. Mwaka 2017 ulitoka uchambuzi wa nchi 67 kuhusu muda ambao daktari wa huduma za msingi za afya hukaa na mgonjwa mmoja: Sweden ni dakika 22 na nusu, Bangladesh sekunde 48. Kijana hakukipanga yeye kile kisaa. Ila lile sweta nani alimkataza kuniambia nilivue?

Sasa inabidi niwaeleze habari za ndege, la sivyo hamtaelewa kwa nini nina hasira kiasi hiki.

Mzee wetu ana wazimu wa ndege. Dirishani kwake kuna darubini ya kuvuta yenye ngozi iliyobanduka, na mezani, kando ya daftari la wagonjwa, kuna daftari lingine la ndege: tarehe, hali ya hewa, nani kaonekana wapi. Ukiingia anakuambia kaa, panga miguu, kunja mkono wa nguo. Anakuwekea mkono mezani na kitabu kimoja kinene chini ya kiwiko, daima kile kile. Halafu anasema, "Usinijibu." Na anaanza kusimulia ndege. Miaka mingi nilidhani mzee ana upweke tu, anatafuta wa kumsikiliza. Nilikuwa mtu mzima nilipong'amua kwamba kila hadithi yake huchukua dakika tano, na kwamba ikiisha mkanda unakuwa umeshafika mkononi mwangu nami sina habari. Anausugua kwanza uso wa stetoskopu kwenye kiganja ili usikushtue kwa baridi, anaulaza kwenye kunjo la kiwiko, anafumba macho, anasikiliza zile sauti za damu mshipani alizozieleza daktari Mrusi, Nikolai Korotkov, mwaka 1905. Anaachia upepo polepole sana. Mashine haina subira ile.

Hadithi ninayoijua kwa moyo ni ya Edward Jenner. Dunia inamjua kwa chanjo ya ndui ya mwaka 1796. Mzee anamjua kwa kekeo, yule ndege anayetaga kwenye kiota cha wenzake. Jenner alikuwa daktari wa kijijini tu, huko Berkeley, Uingereza, na miaka kadhaa kabla ya chanjo alikuwa akichungulia viota. Mwaka 1788 akachapisha alichokiona: si mama kekeo anayekuja kuwatupa nje makinda ya mwenye kiota. Ni kinda lenyewe la kekeo, limetoka kwenye yai juzi, halina hata unyoya, ndilo linalojipenyeza chini ya yai au kinda jenzake, linalibeba mgongoni na kurudi nalo kinyumenyume mpaka ukingoni, chubwi. Mgongo wake una kishimo cha kazi hiyo, na kishimo hicho hujaa baada ya siku kama 12. Watu walimcheka Jenner. Mzee akifika hapo huwa anakasirika kana kwamba aliyechekwa ni yeye. Kisha anakuambia presha yako ni ngapi.

Nilipotoka chumba namba mbili siku ile, nilikitazama kile kioo cha mapokezi nikasema kimoyomoyo: kekeo huyo, na sisi ndio mayai.

Wazimu wake mwingine ni madaktari wa vijijini waliokwishakufa. Kuna William Pickles, aliyefanya kazi maisha yake yote katika bonde moja la Yorkshire, akaandika kila ugonjwa ulioingia, nani alianza, nani alimtembelea nani, mpaka akaweza kuonyesha kwamba homa ya ini hukaa mwilini karibu mwezi mzima kabla haijajitokeza. Hakuwa na maabara ya maana. Alikuwa na daftari, na aliwajua watu wake. Ndiyo maana mzee akikuuliza mtoto anakaa dawati moja na nani, au harusi ile mlikula meza moja na kina nani, usidhani ni mmbea. Wageni hukasirika. Sisi tumezoea, tunamtajia orodha.

Halafu kuna Julian Tudor Hart, wa kijiji cha wachimba makaa ya mawe cha Glyncorrwg, kule Wales, aliyeamua kupima presha za watu wazima wote wa kijiji chake, wakiumwa wasiumwe. Mzee ameiga. Ukimsindikiza mwenzio, na wewe unapimwa. Aliyeleta barua anapimwa. Huyo Hart ndiye aliyeandika mwaka 1971 kanuni ambayo mzee ameibandika ukutani kwa mwandiko wake: huduma nzuri ya afya huwa haba pale pale inapohitajika zaidi. Nimeisoma miaka nenda rudi nikiona ni maneno ya wakubwa. Sasa nimeielewa. Siku za mzee zinajazwa usiku, kwa simu, na vijana wenye mafua, kwa sababu ndio wanaojua kubofya. Bibi mwenye kisukari, vidonda mguuni na simu ya tochi anafika asubuhi anaambiwa nafasi zimeisha, daktari ni daktari tu.

Kwa hiyo dada yangu wa mapokezi, kama utasoma hapa: si tu. Norwei walifuatilia zaidi ya watu milioni nne, matokeo yakatoka mwaka 2022. Waliokuwa na daktari wa familia yule yule kwa zaidi ya miaka 15, ukiwalinganisha na waliokuwa naye mwaka mmoja, uwezekano wao wa kufariki ulikuwa chini kwa karibu robo, na wa kulazwa kwa dharura au kukimbilia matibabu ya usiku ulikuwa chini zaidi ya hapo. Najua mtu atasema mambo mawili kwenda pamoja si lazima moja liwe limesababisha jingine. Sawa. Lakini hata ukikata nusu ya hiyo robo, hakuna kidonge kwenye duka lako la dawa kitakachonipa hivyo kwa kunikalisha tu mbele ya mtu anayejua jina la marehemu baba yangu.

Hapo nilikuwa nimemaliza kuandika. Nyota moja, basi. Ila dada yangu mkubwa amesoma juu ya bega langu akasema niwe mkweli na upande wa pili, na kwa kuwa ndiye anayehusika, siwezi kukataa.

Ukweli ni kwamba mzee ana maudhi yake. Hajawahi kuanza kwa wakati. Hapokei simu. Ukivuta sigara atakusimanga mlango ukiwa wazi, benchi zima linasikia. Mwandiko wake unasomeka na watu wawili duniani, yeye na nesi wake wa zamani, na nesi amestaafu.

Halafu kuna suala la dada. Dada ana miezi mingi tu hajisikii vizuri. Amekuwa mzito wa mwili na wa kusema, anavaa nguo mbili mbili wakati sisi tunajipepea, sauti imekuwa nzito kama ya mtu mwenye mafua yasiyoisha, choo kigumu, uso umejaa. Kila mwezi alikuwa kwa mzee kuchukua dawa zake za kawaida. Kila mwezi wanapiga soga, anasimuliwa ndege, anarudi nyumbani. Sote tulisema ni umri. Mzee naye alisema ni umri.

Siku moja mfumo ukamtupa chumba namba mbili. Kwa kijana yule yule! Dada hajamaliza hata salamu, kijana akaacha kuchapa, akamwambia, "Mama, hebu endelea kuongea kidogo." Akamsikiliza sauti. Akamshika ngozi ya mkono, akampapasa shingo, akamgonga nyuma ya kifundo cha mguu kwa kale kanyundo akatazama mguu unavyorudi taratibu. Akaagiza kipimo cha damu cha tezi ya shingoni, thairoidi. Tezi ilikuwa imelala fofofo. Sasa anameza levothairoksini, dawa ya tezi hiyo, kila asubuhi kabla hajatia kitu tumboni, na juzi nimemsikia akiimba jikoni, jambo ambalo sikuwa nimegundua kwamba lilikoma.

Mtu anayekuona kila mwezi huzeeka nawe pamoja, haoni. Kijana alimwona dada mara moja, akaona kila kitu. Hilo linanikera kuliko mapokezi, sijui niseme kwa nini. Kwa hiyo nyota zinapanda, haya, tatu.

Nilipomfuma mzee hatimaye (nilimvizia kwenye maegesho, siri hiyo), nilimwaga yote: mkanda juu ya sweta, kaunta, maneno manne. Akaniingiza ndani kwa mlango wa nyuma. Kaa, panga miguu, kunja mkono wa nguo, usinijibu. Safari hii hakusimulia ndege. Alisimulia habari za dada yangu. Akasema amekwenda mwenyewe chumba namba mbili kumshukuru yule kijana, na kwamba ameandika mambo hayo kwenye daftari lake ili asisahau kwamba macho yake yalizoea. Nilitaka kumjibu, akanyoosha kidole. Akapima. 134 kwa 82. Akapima tena, ikashuka kidogo. Akasema kijana hakukosea kuhangaika, alikosea kuharakisha, na akanipa kifaa nikajipime nyumbani asubuhi na jioni wiki nzima, niandike, nilete. "Na ukileta, mpelekee yeye. Aone mwenyewe."

Nikamuuliza mzee, nani kamruhusu yule dada wa mapokezi kufanya hivyo? Na hapa ndipo nilipochemka upya, maana mzee alinijibu bila haya kwamba mfumo ameutaka yeye. Yeye! Anataka siku mbili tu kwa wiki, siku zilizobaki anakwenda kuhesabu ndege kando ya maji. Amesema anawazoesha watu kidogo kidogo, kwa sababu akiondoka ghafla tutakuwa kama watoto walioachishwa ziwa usiku mmoja. Nikamwambia angetutangazia. Akasema alitangaza, karatasi iko ukutani. Nimekwenda kuiangalia. Ipo kweli, kwa mwandiko wake.

Kwa hiyo sijui tena nyota hizi nampa nani. Matibabu, kwa mzee na hata kwa kijana, nne. Kupima presha chumba namba mbili, sifuri, mpaka mtu awafundishe kuvua watu masweta, na hilo halihitaji bajeti. Mfumo, sifuri vilevile, kwa sababu unaweza kumpangia mgonjwa chumba lakini hauwezi kuandika mstari mmoja kwamba huyu mama ana daktari wake. Wanangu wanasema ninazungumza kama mzee. Ninazeeka, ndiyo, na ndiyo maana nataka daktari. Mapokezi sitoi chochote. Naacha tatu kwa jumla, na nikikumbuka ile sauti ya dada wa mapokezi naziteremsha ziwe mbili.

Dada amehamia moja kwa moja kwa kijana, na anasema anamfaa. Mimi sihami. Anayetaka kumpata mzee, asihangaike na simu: aende siku zake mbili mapema kabla kaunta haijafunguliwa, akae benchi la nyuma karibu na kabati la chuma, mzee hupitia huko. Avae nguo yenye mikono mipana, na kama anavuta sigara, afunge mlango yeye mwenyewe akiingia.